Seva Iliyobaki Elmquist

LaVonne Skaar hakuomba kazi ya kompyuta, ilimwangukia. Alikuwa mwalimu wa taipu katika sekondari ya Elmquist, enzi ambazo Elmquist bado ilikuwa na sekondari, na siku printa ya ofisi ilipogoma aliipiga kofi moja ubavuni ikatema karatasi zote. Basi yakawa hayo. Kila kitu chenye waya kikawa chake, na hakuna aliyemwuliza kama anakitaka. Asije mtu akadhani aliishi kwa makofi tu. Kila kiangazi wenzake walipokwenda ziwani kuvua samaki na kubabuka kwa jua, yeye alikwenda chuoni akarudi na vyeti, na kufikia wakati wa habari hii alizijua seva za wilaya yetu kama mama anavyowajua wanawe watukutu.

Wilaya yenyewe ya shule ina jina refu kuliko barabara yake kuu: Korsland-Dunby-Elmquist. Ni miji mitatu ya Minnesota, upande wa magharibi, iliyochukiana kwa adabu tangu mababu waliposhuka kutoka Norwe na Sweden, mpaka watoto walipopungua mashambani ikabidi miji ioane. Korsland ikapata kila kitu kilichong'aa: sekondari, uwanja wa mpira, ofisi ya msimamizi mkuu wa shule. Dunby ikapata shule ya kati. Elmquist ikabaki na shule ya msingi na kinyongo.

Sasa zile seva. Hizo ndizo kompyuta zinazobeba alama za wanafunzi, majina yao, njia za mabasi, chakula cha mchana, na barua pepe za walimu wanaolalamika. Miaka ile, simu za kupapasa zilipokuwa bado kitu cha kuoneshana, kila programu mpya ilikuja na mashine yake, na kila shule ilichomeka yake ilipopata nafasi. Ya chakula ilikaa jikoni Korsland, ubavuni mwa friza, ikila mvuke wa supu. Ya maktaba ilikuwa chini ya ngazi. Ya Dunby ilikuwa stoo ya mifagio, na kila aliyepiga deki aliirushia maji kidogo. Zilivuma, zilichemka, zilizimika zilipojisikia. LaVonne alikula njia za theluji kutoka mji hadi mji kwenda kubonyeza kitufe kimoja tu, kisha akarudi nyumbani na kukuta ujumbe kwamba nyingine imezimika kule alikotoka. Mumewe, Gordy, alizoea kula chakula cha jioni akimtazama mbwa.

Ndipo LaVonne alipopeleka bodini wazo lake: mashine hizi zote zichukuliwe, kila moja ikopiwe roho yake, na roho hizo ziwekwe ndani ya mashine mbili kubwa za kisasa. Kila roho ingeishi humo kama seva pepe, ikidhani iko peke yake duniani.

Mjumbe mmoja mzee kutoka Dunby akakuna kidevu. "We LaVonne, zitakaaje zote ndani ya moja zisichanganyikane? Alama za watoto zikaingia kwenye supu?"

"Jumapili ya mlo wa kanisani, kina mama wanaleta mabakuli mangapi?"

"Ya kumwaga."

"Yanaokwa wapi?"

"Oveni ya kanisa, kwani wapi tena?"

"Viazi vya mkeo vimewahi kuruka vikaingia bakuli la jirani?"

"Havijawahi," mzee akasema kwa huzuni. "Vingeruka ningeshukuru."

Bodi nzima ikacheka, ila watu wawili. Wa kwanza ni msimamizi mkuu, Wendell Prokop, mtu nadhifu aliyepiga pasi hata jinzi zake, ambaye moyo wake ulikuwa kwa kampuni moja ya mjini. Kampuni hiyo iliahidi kufanya kila kitu kwa simu, bila LaVonne wala gari lake. Wa pili ni Ardis Nyquist, mjumbe wa Elmquist, mjane aliyewahi kuongoza bendi ya shule mpaka bendi ilipoondolewa. Ardis alipinga kila kilichotoka Korsland, hali ya hewa ikiwemo.

Wakafikia mwafaka ambao haukumfurahisha mtu. LaVonne angepewa mapumziko ya Oktoba, zile siku walimu wanapokwenda kwenye mkutano wao wa mwaka na shule zinakuwa tupu. Akifanikiwa, sawa.

"Na Jumatatu watoto wakirudi na mambo hayafanyi kazi," Prokop akasema, akinyoosha tai yake, "tutasaini na kampuni, na nafasi yako itafutwa. Nasema wazi ili tusilaumiane."

"Nimekusikia, Bwana Prokop," LaVonne akajibu. Alikuwa na umri ambao watu huku hawaajiriwi tena ila kugawa sampuli za jibini dukani.

Prokop, kwa kuwa alipenda vitu vya kuoneshwa, akajengesha chumba cha kioo katika sekondari ya Korsland, ukumbi wa mbele kabisa, chenye kiyoyozi na taa za buluu. Mashine zote mbili kubwa zikasimamishwa humo bega kwa bega, moja ya kazi na moja ya akiba, ili mgeni yeyote anayeingia apigwe na butwaa. LaVonne aliona ni mbwembwe, lakini aliziacha zipite. Alikuwa na vita vingine.

Alhamisi na Ijumaa zilikwenda vizuri kuliko alivyothubutu kuomba. Alichomeka seva ya chakula, akanyonya kila kilichomo, akakiamsha ndani ya mashine kubwa, akajaribu jina la mtoto mmoja, likatokea na deni lake la maziwa. Kisha akarudi jikoni akaizima ile kuukuu. Kimya kilichofuata kilimshtua. Miaka yote ile hakujua friza lile lina sauti, kwa sababu seva ililifunika kwa kelele zake. Alisimama pale na koleo mkononi, akatabasamu peke yake kama mtu aliyeng'olewa jino bovu. Kufikia Ijumaa jioni Korsland na Dunby zilikuwa zimekwisha, na kila roho ilikaa katika mashine ya kazi, na nakala yake katika ile ya akiba.

Ikabaki Elmquist.

Jumamosi asubuhi LaVonne akaegesha gari la mizigo mbele ya shule ya msingi ya Elmquist, akashusha toroli, akaingia. Seva yao ilikaa katika kichumba nyuma ya jukwaa la muziki. Alipopinda korido alikuta mbele ya mlango wa kichumba kile viti vya kukunja vimepangwa safu mbili, meza, birika kubwa la kahawa la kanisa, na trei za keki za chokoleti na za limau. Nusu ya mji ilikuwa imekaa pale na makoti yao. Merle Haugdahl, mtunza jengo, mwenye funguo zote kiunoni, alikuwa kiti cha mbele akitafuna.

"Ohoo, LaVonne huyo!" Merle akasema kwa furaha kabisa. "Karibu kahawa."

Sharti mtu aelewe kwamba huku kwetu hakuna anayekwambia hapana. Wakikupenda watakupa kahawa. Wakikukatalia watakupa kahawa na keki, na utakaa hapo mpaka ukate tamaa mwenyewe, na hakuna atakayeweza kusema kulitokea ugomvi. Kuruka miguu ya bibi anayekumiminia kahawa ni jambo ambalo wajukuu zako watasimuliwa.

"Asanteni jamani, nimekunywa nyumbani."

"Ya nyumbani haihesabiwi," akasema mama mmoja, na kikombe kikawa tayari mkononi mwake.

"Merle, nifungulie mlango mara moja tu."

"Nitakufungulia, kwa nini nisikufungulie?" Merle hakunyanyuka hata kidogo. "Malizia keki kwanza."

"Sijaanza keki."

"Basi anza, mama, unachelewa."

LaVonne akaanza. Akala ya chokoleti, akapewa ya limau. Walizungumza juu ya mahindi, juu ya goti la fulani, juu ya baridi itakayokuja. Kikombe hakikupungua, kila alipokiinua kilijazwa. Saa ya ukutani ilikwenda, naye akaiona Jumatatu ikimjia mbio. Hasira zikampanda. Alitaka kupiga kelele kwamba ni sanduku la chuma tu hilo, na kwamba yeye ndiye atakayefukuzwa, si wao! Lakini yeye pia ni mtu wa huku. Akasema, "Keki nzuri," akaomba nyingine.

Mwishowe Ardis Nyquist ndiye aliyevunja mila. Alikuwa amekaa kimya kiti cha mlangoni kabisa, mgongo wake umenyooka kama enzi za bendi.

"Mara ile nayo ilianza na gari la mizigo," alisema. "Na toroli. Na mtu mpole."

Wote wakatazama vikombe vyao.

"Walikuja kuchukua taipureta. Wakasema ni taipureta tu, Korsland zitatunzwa vizuri zaidi. Tukawasaidia kubeba! Merle alishika mlango. Wiki ya pili wakaja kuchukua tarumbeta zangu. Kufikia masika walikuwa wanachukua watoto."

"Ardis, hakuna anayefunga shule hii. Nakuapia. Ni kompyuta."

"Ndivyo mlivyosema kuhusu taipureta."

Alisema "mlivyosema." Neno hilo lilimchoma LaVonne kuliko matusi. Yeye ndiye aliyekuwa mwalimu wa taipu wakati ule. Alikuwa ameondoka nyuma ya gari lile katika gari lake mwenyewe, koti lake kwenye kiti cha pembeni, akilia mpaka njia panda ya Dunby. Wao hawakuona machozi. Waliona gari lake tu likifuata.

Akaweka kikombe chini. Akavuta kiti, akakaa karibu na Ardis, akaacha kujitetea. Akamweleza kila kitu taratibu: roho za mashine, oveni ya kanisa, nakala. Ardis alisikiliza kama anayesikiliza mtoto akipiga filimbi vibaya.

"Na chumba hicho cha kioo kikiungua?"

"Ndiyo maana kuna mashine ya pili. Kila usiku inachukua nakala ya mambo yote. Ya kwanza ikifa, ya pili inashika."

"Hiyo ya pili iko wapi?"

"Hapohapo. Pembeni ya ya kwanza."

Ardis akageuka akamtazama. "Marehemu Harlan alikuwa na ufunguo wa akiba wa trekta. Unajua alikuwa anauweka wapi?"

"Wapi?"

"Ndani ya trekta."

Korido nzima ikaangua kicheko. Merle alipaliwa na keki, ikabidi apigwe mgongoni. LaVonne hakucheka. Alihisi damu ikimpanda usoni, kwa sababu mjane yule alikuwa amesema jambo ambalo yeye mwenyewe alikuwa amelijua tangu siku chumba cha kioo kilipojengwa, na akalimeza kwa kuogopa kubishana na mkubwa wake. Alijua mahali pa akiba ni mbali na moto wa kwanza. Alijua pia kwamba waya wa mtandao kutoka Korsland hadi Elmquist ulikwisha kuchimbiwa ardhini, mzima, unasubiri kazi.

Akatoka nje, akampigia Prokop. Prokop alikuwa msituni akiwinda ndege, na simu yake imezimwa kama ya kila mwindaji mwenye akili. Akapiga tena. Akasimama kwenye nyasi zilizopigwa na jalidi, akafikiri. Akifuata amri ya Prokop, mashine zote mbili zibaki chumba cha kioo, hatafunguliwa mlango ule mpaka Krismasi, na Jumatatu hana kazi. Akivunja amri, huenda Jumatatu akawa na kazi, na Jumanne akafukuzwa kwa ukaidi. Kwa mara ya kwanza tangu wazo lile lianze, akaona bora afukuzwe kwa kufanya kitu cha haki. Akapiga moyo konde, akarudi ndani.

"Ardis, sogeza kiti."

"Nisogeze kwa nini?"

"Mashine inakuja. Haiondoki, sikiliza vizuri, inakuja. Ile ya akiba itakaa hapa. Alama za Korsland, mabasi ya Dunby, barua za Prokop, nakala ya kila kitu cha wilaya hii italala Elmquist, nyuma ya jukwaa lako."

Merle akasimama, makombo yakamwagika kutoka mapajani mwake. "Kila kitu cha Korsland?"

"Kila kitu."

"Hapa?"

"Hapa, Merle. Sasa utafungua mlango au nile keki nyingine?"

Hakuna aliyewahi kumwona Merle Haugdahl akikimbia. Siku ile alikimbia. Magari mawili ya mashamba yakaenda Korsland na kurudi, na mashine ile nzito ikaja imefungwa katika mablanketi ya viraka ya kina mama wa kanisa, wanne wameishika huku na huku kama wamebeba jeneza la askofu. Wazee wakapiga misumari ya rafu. Mtu akaleta zulia. LaVonne akachomeka seva kuukuu ya Elmquist kwenye mashine ile palepale, waya kwa waya, akainyonya roho yake, na Jumapili baada ya ibada mji mzima ukaja kuona taa zikiwaka. Jumatatu watoto walirudi shuleni. Kila kitu kilifanya kazi. Mwalimu mmoja wa Dunby aliuliza tu kwa nini siku hizi mambo yanafunguka haraka.

Prokop alirudi kutoka msituni akakuta nusu ya chumba chake cha kioo tupu.

"Nani alikuruhusu?"

"Nilikupigia."

"Nimekuuliza nani alikuruhusu."

"Hakuna."

"Basi sawa," alisema, kwa ule upole unaotisha. "Nitapeleka jambo hili bodini. Mtu anayehamisha mali ya wilaya kwa kushawishiwa na kahawa hawezi kukabidhiwa wilaya."

Akalipeleka. Likapangwa kikao cha Januari: nafasi ya LaVonne ifutwe, kampuni ya mjini ipewe kazi. Krismasi ya mwaka ule LaVonne hakuionja. Gordy alimwambia mambo yatakuwa sawa, naye akamwambia anyamaze. Korsland watu walinong'ona kwamba LaVonne amerudi kwa watu wake. Elmquist hakuna aliyemwambia kitu cha kumtuliza, maana hatujui kufanya hivyo, lakini kila alipokwenda kuiangalia mashine alikuta kichumba kimepigwa deki na vumbi limefutwa hata juu ya mlango.

Ikafika siku ya kikao chenyewe. Baridi ilikuwa ile ya kugandisha kope. LaVonne alikuwa njiani kwenda Dunby, jua halijachomoza vizuri, simu ikalia.

"LaVonne." Alikuwa Prokop, na sauti yake haikuwa na pasi hata chembe. "Zimekufa."

"Zipi?"

"Zote! Bomba la juu limepasuka kwa baridi. Chumba cha kioo kimejaa maji, yaani kimejaa, kama tangi la samaki. Nimesimama humu."

"Toka humo! Umeme umezimwa?"

"Umezimwa. LaVonne, mabasi yako barabarani. Wazazi wanapiga simu. Sina orodha ya mtoto hata mmoja."

"Humo ndani ilikuwamo moja tu, Bwana Prokop. Nyingine iko Elmquist. Kavue hivyo viatu."

Akageuza gari pale pale barabarani, tairi zikapiga kelele kwenye barafu. Hakujisikia shujaa hata kidogo. Kufanya nakala ni jambo moja. Kuamsha wilaya nzima kutoka kwenye nakala, watoto wakiwa ndani ya mabasi, ni jambo jingine, na hakuwahi kulijaribu. Ikishindikana, Prokop hangehitaji hata kusema kitu jioni ile.

Merle alikuwa amekwisha kufungua. Habari zilimtangulia, maana huku kwetu habari husafiri haraka kuliko magari. LaVonne akakaa kwenye kigoda cha mpiga ngoma, akafungua kompyuta yake, akaanza na ile seva pepe inayojua majina ya watu wote, maana bila hiyo nyingine haziwezi kumtambua mtu. Akabonyeza. Duara dogo likazunguka. Likazunguka. Likaendelea kuzunguka.

"Vipi?" Merle akauliza kutoka mlangoni.

"Sijui."

"Nikuletee—"

"Merle, ukitaja kahawa nakuua."

Duara likazunguka, na LaVonne akajisikia akimwomba Mungu kwa sauti, yeye ambaye kanisani huomba kimoyomoyo. Kisha likatoweka, majina yakajaa kwenye skrini kuanzia herufi ya kwanza. Akapiga paja lake kwa ngumi. Akaamsha ya mabasi, ikaamka. Ya alama, ikaamka. Ya chakula, ya maktaba, ya barua, moja baada ya nyingine, na kwa kila moja Merle alipiga kelele kama bao limefungwa, mpaka watoto wadogo wa shule ya msingi wakaja kuchungulia na kupiga kelele nao, bila kujua wanashangilia nini.

Kengele ya asubuhi ilipolia Korsland, walimu waliita majina kwenye skrini zao kama kawaida. Mchana watoto walipanga foleni ya chakula, kila mmoja akapiga namba yake, mashine ikamjua. Hawakuwa na habari hata kidogo. Kitu pekee kilichopotea ni barua ya mwalimu mmoja aliyeandika alfajiri kulalamikia maegesho, na alipoambiwa airudie alisema basi, hasira imekwisha.

Jioni ukumbi wa bodi ulijaa mpaka watu wakasimama ukutani. Elmquist walikuja kama walivyo, na makoti yao. Mtu wa kampuni alikuwa amekaa mbele na mkoba wake. Prokop akasimama, amevaa viatu vya kuazima, vikubwa kuliko miguu yake.

"Kuna pendekezo langu mezani," akaanza, akavitazama viatu vile. Prokop ana mambo yake, lakini si mwongo. "Leo asubuhi nilisimama ndani ya maji nikiamini nimeipoteza wilaya hii. Kama Bi Skaar angenitii mwezi wa Oktoba, ningekuwa nimeipoteza kweli. Naliondoa pendekezo."

"Haliondoki hivihivi," Ardis Nyquist akasema kutoka kiti chake. "Nami nina langu. LaVonne abaki katika kazi yake, na kuanzia leo yeye ndiye anayesema mashine zikae wapi, asiulizwe na mtu. Nani ananiunga mkono?"

"Mimi!" akafoka yule mzee wa Dunby, kabla hata Ardis hajamaliza.

Wakapiga kura. Mikono yote ikapanda, ya Dunby, ya Elmquist, na ya Korsland pia, bila hata mmoja kupanda shingo upande. Sisi si watu wa kupiga makofi kwenye vikao; huonekana ni kujionesha. Lakini Merle alisimama, kisha safu yake ikasimama, kisha ukumbi mzima ukasimama ukapiga makofi na kupiga miguu sakafuni, na LaVonne, ambaye hakuwahi kulia mbele ya mtu tangu aondoke nyuma ya lile gari la taipureta, alilia waziwazi, akacheka, akalia tena, na hakujali nani anamwona. Gordy alimkumbatia mbele ya watu, jambo ambalo lilizungumzwa wiki nzima.

Kelele zilipotulia Prokop akainua mkono, mpole kama mwanafunzi.

"Tutanunua nyingine badala ya ile iliyozama," akasema. "Bi Skaar, uamuzi ni wako sasa. Iwekwe wapi?"

LaVonne akafuta macho kwa kiganja. Akamtazama Ardis, akatazama ile safu ya watu wa Elmquist na makoti yao ukutani.

"Iwekeni Korsland, Bwana Prokop," akasema. "Ya kazi sasa iko Elmquist, nayo inahitaji ya akiba."